Ree mbili mkononi, nikazitupa

“Wewe una wazimu? Ree mbili zatupwa?”

Mwenzangu alianza hivyo kabla hata sijafunga mkanda, saa nane usiku, ghorofa ya tatu ya maegesho ya kasino moja hapa Maryland. Yeye ni wa Mombasa, mimi wa Tanga. Dola zake 200 zilikuwa zimekwisha tangu saa nne, na kuanzia hapo alisimama nyuma ya kiti changu kama mjomba anayesubiri pilau, akichungulia karata zangu kila nikizifunua. Kwa hiyo aliziona. Ree ya shupaza na ree ya kopa, zile ambazo vijana wanaziita esi. Akaniona nazisukuma kwa mgawaji kifudifudi.

Hii ni wiki ya tatu na hajanisamehe. Tukikutana kwenye nyama choma ananitambulisha kwa watu: “Huyu ndiye yule.” Ndiyo maana nimeamua kukiandika kisa chote, karata kwa karata, kwa sababu naona tunabishana juu ya vitu viwili tofauti. Yeye anabishana juu ya karata mbili. Mimi nabishana juu ya saa tatu na nusu zilizozitangulia.

Kwanza meza yenyewe. Wapigakura wa Maryland waliruhusu michezo ya mezani kwenye kasino mwaka 2012, na poka ikaingia kwa mlango huo. Neno lenyewe linachanganya watu wa kwetu. Ukimwambia kijana wa Nairobi kwamba unacheza poka, atadhani unasema ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, ambao ukikaribia kushinda unatangaza “niko kadi”. Tanzania tunauita lasti kadi. Huu ni mwingine, Texas Hold'em. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa mezani kwa wote: tatu kwa mpigo, ndiyo flopu, kisha ya nne, kisha ya mwisho. Kila hatua pesa zinawekwa: unapandisha dau, unalipa dau la mwingine ili ubaki, au unatupa karata. Ukiwatimua wote unachukua fungu, na mkibaki wawili au zaidi mnafunua, mwenye karata tano bora anakula.

Meza yetu ilikuwa ya dola 1 na dola 3. Hayo ni madau ya lazima ambayo watu wawili wanayatoa kila mkono, yaani kila karata zinapogawiwa upya, kwa zamu, ili pasikose kitu cha kugombania. Mtu anakaa na dola 300 kwa wingi. Kwa hapa hiyo ndiyo meza ya chini kabisa, meza ya madereva wa malori, wastaafu, wanafunzi na sisi wa zamu za usiku. Ukiwa Tanga dola 300 ni mtaji wa genge, na mama yangu, ambaye kwake kamari ni haramu na mjadala umefungwa, hajui kwamba mtaji huo ninautandaza mezani mara mbili kwa mwezi.

Niliketi saa mbili usiku. Mgawaji wa kasino anagawa kama mikono 30 kwa saa, kwa hiyo hadi saa tano na nusu nilikuwa nimepewa karata mara mia moja na kidogo. Nilicheza mara mbili. Mara moja niliingia kwa dola 3 nikatoka. Mara ya pili nilipata ree na mfalme, nikapandisha dau hadi 15, flopu ikaja kama hainijui, nikaachia. Basi. Nyingine zote niliziangalia na kuzirudisha. Saba na mbili. Ghulamu na nne. Malkia na tatu, malkia na tatu tena. Madau ya lazima peke yake yalinila dola 46 hivi, na dola 18 za majaribio yale mawili, kwa hiyo mbele yangu zilikuwa zimebaki 236. Sikuwa nimeshinda fungu hata moja.

Watu wanaosema “kuwa na subira, cheza karata nzuri tu” mara nyingi hawaelezi jinsi subira inavyouma mfukoni. Karata mbili za kuanzia zinaweza kupangika kwa njia 1,326. Ukichukua zile za kifahari tu, yaani ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili, maghulamu wawili, na ree na mfalme, unapata njia 40. Ni asilimia 3, yaani kwa mwendo wa kasino ni kama mara moja kwa saa, na hiyo ni wastani, si ahadi. Ree mbili zenyewe zinakuja mara moja katika mikono 221. Saa saba na ushei za kukaa. Mtu anaruka zamu nzima ya kazi kuzisubiri, halafu zinakuja na wote wanatupa karata, anachukua dola 4.

Na wakati unasubiri, nyumba, yaani kasino, inakula. Pale tunapocheza inakata asilimia 10 ya fungu hadi dola 5, na dola 1 juu yake ya bahati nasibu yao. Piga hesabu ndogo: tuseme kwa wastani inaondoka dola 4 kila mkono, mikono 30, ni dola 120 kwa saa zinazoingia kwenye kitundu cha meza na hazirudi. Gawa kwa watu tisa, kila mmoja anadaiwa dola 13 kwa saa kabla hajashinda chochote. Mpe na mgawaji dola moja yake kila unapokula. Kwa hiyo pesa ya mwenye subira haitoki kwenye subira yake. Inatoka kwa jirani anayelipa kila dau kwa sababu amechoka kukaa bure. Mezani pakiwa na watu tisa wenye subira, hakuna anayeshinda ila kile kitundu.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi si kungoja karata. Ni kuwatazama watu wakati huna karata. Hapo ndipo mwenzangu na mimi tunapoachana, kwa sababu saa zile yeye alikuwa mezani kwake anapigana, na mimi nilikuwa namsoma mzee.

Mzee alikaa viti viwili kulia kwangu. Kofia ya zambarau ya Ravens, timu ya Baltimore, koti amelitundika nyuma ya kiti, kahawa isiyokwisha. Mbele yake chipu za dola 5, zile nyekundu, amezipanga minara ya ishirini ishirini, kila mnara dola 100. Minara minne, imenyooka kama nguzo za baraza. Mtu anayepanga chipu hivyo haziachii ovyo, hilo lilikuwa dokezo la kwanza, ingawa nisingemtupia mtu ree mbili kwa ajili ya upangaji.

Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Ukiwa umelala mezani, kidole gumba kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayevuta tasbihi isiyokuwepo. Ukinyanyuka kwenda kwenye chipu, unatulia. Kijana wa hedifoni aliyekaa kati yetu aliuona mtetemo ule na akautia maana. Wachezaji wa poka wana imani yao kwamba mtu akitetemeka wakati wa kuweka pesa basi ameshika karata nzito, na imani hiyo ina ukweli kwa watu wengi, kwa sababu mwili ukishapata ulichokitaka huwa unaachia. Lakini mimi kazi yangu ya kila siku ni kulea wazee. Nawavisha, nawalisha, nawahesabia dawa. Mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika na kutulia ukipewa kazi naujua, na haukuletwa na karata. Sikumpima mtu ugonjwa mezani, ila mkono ule niliufuta kwenye hesabu zangu. Kijana hakuufuta. Mara mbili alimtupia mzee karata huku akinong'ona, “Anatetemeka, anatetemeka.”

Mimi niliandika vitu vingine. Nina daftari dogo la kurasa za mistari, nalitoa nikienda msalani. Karibu na saa tatu mzee alishika ree na kumi, flopu ikaja na kumi, na alikuwa na pea, yaani karata mbili zinazofanana, ya juu kuliko zote. Mtu mwingine angepandisha. Yeye alilipa, akalipa, akalipa tena hadi mwisho, akafunua, akala. Hakuongeza hata dola. Saa nne kasoro, mkono mwingine, karata ya nne ilipofunuliwa alitangulia kuweka dola 80 bila kuulizwa. Akalipwa, akafunua nne mbili zilizokutana na nne ya mezani, tatu za aina moja. Saa tano, karata ya mwisho, mtu aliweka 40 naye akapandisha hadi 140. Akafunua mfululizo wa karata tano, na juu ya huo hakukuwa na mwingine. Kuna mara nyingine mbili aliweka pesa kubwa na wote wakakimbia, hakuonyesha.

Nikaandika mstari mmoja: *Pea moja analipa. Akitangulia, anayo.*

Sasa mkono wenyewe. Mzee alikuwa wa kwanza kuongea, akaingia kwa dola 3. Kijana wa hedifoni akaingia kwa 3. Mimi nikafunua kona ya karata: shupaza, ree. Kona ya pili: kopa, ree. Nyuma yangu nilisikia mtu wa Mombasa akivuta pumzi, na nikamwomba Mungu awe amevuta kimya kimya. Nikapandisha hadi 20. Dada mmoja mwenye kilemba, aliyekuwa na dau la lazima la dola 3, akalipa. Mzee akalipa. Kijana akalipa. Hayo ndiyo maisha ya meza za chini: unapandisha karibu mara saba ya dau na wanakuja watatu.

Wengi hawapendi kusikia hii. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda mara 85 katika 100. Dhidi ya watatu zinashuka hadi 64. Wakiwa watano, zinashinda chini ya nusu. Bado wewe ndiye unayeongoza kuliko yeyote, na pesa unazotaka ziingie, lakini ule utukufu wa kuona ree mbili unapungua kila kiti kinapolipa. Fungu lilikuwa dola 81. Nilibaki na 216.

Flopu: ghulamu ya pau, nane ya pau, nne ya uru.

Dada akagonga meza, yaani anapita. Mzee akagonga. Kijana akagonga. Nikaweka 50. Pau mbili mezani, mtu yeyote mwenye pau mbili mkononi anaitafuta ya tano, maana pau tano zinaipiga pea yangu, na simpi karata ya bure. Dada akatupa. Mzee akatazama chipu zake, si karata zake, akalipa. Kijana akahangaika, akatupa. Tumebaki wawili. Fungu 181, mbele yangu 166.

Karata ya nne: nane ya shupaza.

Mzee hakugonga meza. Mkono ukanyanyuka, ukatulia kama kawaida yake, ukaenda kwenye minara. Akaweka kiganja nyuma ya minara miwili na kuisukuma kwa pamoja hadi mstarini. Haikuanguka hata chipu moja. Dola 200, yaani kwangu mimi ni kila kitu nilichokuwa nacho. Halafu akachukua kahawa yake.

Nilikaa kama dakika mbili. Kijana wa hedifoni akasema kwa sauti ya kunisaidia, “Anatetemeka, bwana.” Mgawaji akamkemea, maana aliyeshatupa hana ruhusa ya kusema. Nami nikatupa.

Garini mwenzangu alikuwa na hoja, na si za kijinga. Ya kwanza: “Alikutishia nyau!” Pau mbili zipo mezani, mzee anatafuta pau ya tano, karata ya nne haikumletea, akaamua kuzuga. Watu wanafanya hivyo kila siku. Ya pili ilikuwa kali zaidi: “Wamjua kwa mikono mitatu tu. Mikono mitatu ni ushahidi gani, kaka?” Na ya tatu, ambayo ndiyo inayorudi kila tukionana: kama hata ree mbili zitatupwa, zile saa tatu ulikuwa wasubiri nini?

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapo hakuna Mombasa wala Tanga. Kulipa ilikuwa dola 166 ili nigombee fungu ambalo lingefika 513. Kwa hiyo nikishinda zaidi kidogo ya asilimia 32 ya nyakati kama zile, kulipa kunalipa. Nikishinda pungufu, ninachoma pesa. Mara moja katika tatu, na ukubwa wa ree haumo kwenye hesabu hiyo.

Angekuwa na nini? Akiwa na ghulamu mmoja, nashinda mara 95 katika 100. Akiwa anatafuta pau, nashinda kama mara 80. Akiwa na nane, yaani nane tatu pamoja na za mezani, au akiwa na maghulamu wawili, yaani ghulamu tatu na nane mbili, zimebaki karata mbili tu za kuniokoa kati ya 44, ree ya uru na ree ya pau. Asilimia nne na nusu, au tisa akiwa na nne mbili, maana hapo nane zilizobaki nazo zinaniokoa. Ukichanganya hayo, jibu linatoka hivi: kama mzee ananipita zaidi ya mara mbili katika tatu, natupa, kama ni pungufu ya hapo, nalipa. Swali zima limebaki hilo moja, na hakuna kitabu kinacholijibu, maana linamhusu mtu mmoja mwenye kofia ya zambarau.

Mwenzangu anasema zimebaki nane mbili tu kwenye pakiti, ya kopa na ya uru, iweje lazima awe nayo? Kweli. Ukihesabu karata tupu, maghulamu ni mengi kuliko nane. Mtu anayeweza kuwa na mfalme na ghulamu, au malkia na ghulamu, ana njia 24 za kuwa nazo, na zenye nane ambazo mzee wa namna ile angelipia dola 20 hazifiki hapo. Ungekuwa unacheza na kompyuta, ungelipa bila kufikiri. Lakini mfalme na ghulamu kwa mzee huyu ni pea moja. Nilimwona na pea ya juu saa tatu. Alilipa mara tatu na hakuongeza dola. Ili nilipe, ilinibidi niamini kwamba saa tano na nusu ameamka mtu mwingine ndani ya koti lile.

Na kuzuga? Anazuga mtu anayetaka utupe. Mzee yule kwa saa tatu na nusu alitaka kuona karata za watu. Alilipa ili aone. Alilipa hata pale alipojua ameshindwa, anatupia jicho la kutaka kujua kisha anatikisa kichwa. Mtu mwenye hamu ya kuona hivyo hazugi kwa minara miwili. Huwa anatafuta pau kwa kulipa, ikija anaweka, isipokuja anatupa.

Hoja ya mikono mitatu nakubali, ni michache. Mtu akinionyesha dawa iliyojaribiwa kwa wagonjwa watatu nitamfukuza. Ila simlinganishi mzee na hewa. Meza za dola 1 na 3 zina tabia yao: watu wanalipa mno na kupandisha kidogo, na mtu mtulivu anapoamka karata ya nne kwa pesa nyingi, mara nyingi kabisa ana kitu. Mikono mitatu ilinithibitishia kwamba yeye ni wa kabila hilo. Angekuwa kijana wa hedifoni aliyesukuma minara ile, ningelipa kabla hajaketi sawa, kwa sababu nilishamwona akisukuma na malkia mmoja tu. Karata zilezile, meza ileile, jibu tofauti.

Hilo ndilo jibu langu kwa hoja yake ya tatu. Saa tatu na nusu sikuwa nasubiri ree. Ree zingeweza kuja mkono wa kwanza kabisa, saa mbili na dakika tano, na mzee angesukuma minara, na mimi nisingemjua, na ningelipa. Na ningekuwa sahihi kulipa.

Pale nilipokosea mwenzangu hapagusi, labda kwa sababu na yeye hukosea hapohapo. Kosa la kwanza ni pesa za mezani. Nilikaa na 300, zikashuka hadi 236, na nilikuwa na dola 60 mfukoni kwenye bahasha. Sikuongeza. Nilijiambia nitaongeza nikipata karata, na hiyo ni hesabu ya kichwa mchungu, maana sheria hairuhusu kuongeza katikati ya mkono. Mzee angekuwa na ghulamu mmoja na akalipa mpaka mwisho kama desturi yake, ningekula dola 60 pungufu kwa uvivu tu. Kosa la pili ni lile dau la 20. Meza ilishaonyesha kwamba 20 haimtishi mtu. Ningesema 30, pengine dada na kijana wangebaki nyumbani, na waliolipa wangelipa zaidi wakati mimi ndiye ninayeongoza.

Kosa la tatu ni baya zaidi na lilikuja baada ya kutupa. Nilikaa wima, nikajisifu moyoni, nikahisi kwamba meza sasa inanidai. Mikono minne baadaye nikapata ree na kumi za rangi tofauti, mtu mbele yangu amepandisha hadi 15, na mimi, mwenye subira, mwenye daftari, nikalipa. Flopu ikaja na ree. Nikalipa tena, na karata ya nne nikalipa tena, na aliyepandisha akafunua ree na malkia. Dola 58. Mwenzangu aliuona mkono huo na hakusema kitu. Kwake ulikuwa mchezo wa kawaida, nimepata ree nimecheza ree. Kwangu ule ndio mkono wa aibu wa usiku mzima. Kutupa ree mbili kulikuwa kwepesi ukilinganisha na dakika arobaini zilizofuata, nikikaa juu ya viganja ili nisije nikacheza saba na tano.

Saa saba hivi nilipata tisa mbili, flopu ikaleta ya tatu, na kijana wa hedifoni akalipa mpaka mwisho na ghulamu wake mmoja. Na mafungu mawili madogo. Nikaondoka na 271. Kwa usiku ule nimepoteza dola 29, na chai.

Kama unafikiri hii ni njia ya kuishi, daftari langu lina saa 212 pamoja na usiku huo, na faida ya dola 1,640. Ni dola 7 na senti 70 na kitu kwa saa. Kima cha chini cha mshahara Maryland ni dola 15. Kulala usingizi na kuomba zamu ya ziada kungenipa mara mbili yake, bila kuvuta moshi wa watu pale mlangoni. Nacheza kwa sababu napenda kukaa na watu nikiwatazama wanavyoamua, na pesa niliyotenga kwa hilo ikiisha mwezi huo sigusi nyingine. Mwenzangu hatengi. Hilo tumeshalisema kwa faragha na si la hapa.

Kuna jambo moja sijamwambia mpaka leo. Wakati yeye amekwenda kutafuta tiketi ya maegesho, nilikuwa dirishani kwa keshia na mzee alikuwa mbele yangu, anahangaika na koti. Zipu ilikuwa inamkataa, mkono ule ule. Nikamshikia pindo la chini, nikaingiza meno ya zipu, nikaipandisha hadi kifuani, kama ninavyofanya mara ishirini kwa wiki. Akashukuru. Akanitazama usoni akaniuliza, “Walikuwa wafalme wawili, sivyo?”

Nikamwambia ndiyo, wafalme wawili.

“Nilijua,” akasema. Nami nikamuuliza na yeye alikuwa na nini. Akaangalia minara yake, sasa imelala kwenye trei, akatabasamu: “Pau mbili tu, kijana wangu. Hazikuja.” Akaondoka zake polepole kuelekea lifti.

Mimi nilikuwa nimetoka kumdanganya sekunde kumi kabla, na sina sababu ya kudhani yeye ni mkweli kuliko mimi. Nilifungua daftari palepale. Kwenye ukurasa wake kuna mara mbili alizotangulia na kufunua, na mara mbili alizotangulia bila kufunua. Nikaongeza mara ya tano, nikaandika saa, nikaandika nane ya shupaza na minara miwili. Mahali pa karata zake nikaacha wazi.